Namba Mbili za Nakijwa

Kipande cha siri ni siri nzima. Mmenisikia mimi shangazi yenu nikiisema kwenye simu asubuhi, mmecheka, mmeniuliza imetoka kitabu gani. Haijatoka kitabuni. Imetoka Upareni juu, kwenye tangawizi, na haijamaliza hata miaka mitatu. Sogeeni niwaambie ilivyozaliwa, maana tangu nishuke kwenye basi jana nimeibeba mdomoni na nimechoka kunyamaza nayo.

Kulikuwa na kikundi cha wanawake wanaolima tangawizi. Kila Alhamisi wanakaa, wanaweka akiba kwenye sanduku la bati. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Mmoja anao Namsifu, katibu. Wa pili Mama Mrutu, mweka hazina. Wa tatu Nakijwa, ambaye hana cheo chochote, alipewa kwa sababu ya ukaidi wake tu. Halifunguliwi mpaka wawepo wote watatu na wenzao wanatazama. Miaka tisa haikupotea hata shilingi.

Baadaye wakashauriwa waachane na sanduku, wafungue akaunti benki. Wakafungua, wakaunganishwa na huduma ya simu, na simu ya kikundi ikakaa kwa Namsifu. Ilipofika kuweka namba ya siri, tarakimu sita, wakafanya kama walivyozoea. Namsifu akabonyeza mbili, akampa simu Mama Mrutu, naye akabonyeza mbili, Nakijwa akamalizia, na kila mmoja akibonyeza wenzake wamegeuza shingo. Kwao zilikuwa funguo tatu zilezile. Ufunguo mmoja haufungui sanduku, kila mtu alijua hivyo, na wakalala usingizi.

Mwaka huo zamu ya kuchukua fedha ikamfikia Nakijwa. Mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hata tangawizi anaichambua kwa kupapasa. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya wilaya kwa siku tatu tu, wakiondoka ni mpaka mwakani, na yule bibi alikuwa ameshasema wazi kwamba mwakani hajiahidi. Nakijwa akapanga achukue fedha Ijumaa, Jumapili wateremke.

Sasa Jumatano, kama saa nne asubuhi, simu ya kikundi ikaita. Mwanaume, sauti laini, akasema anapiga kutoka huduma kwa wateja ya benki. Akataja jina la kikundi, akataja tawi, mpaka mwezi waliofungua akaunti. Kumbe hayo yote Namsifu mwenyewe aliyaweka mtandaoni na picha, wamevaa sare. Yule bwana akaeleza kwamba mitambo inabadilishwa, na akaunti ya kikundi kisichohakikiwa itafungwa saa kumi jioni, ikae hivyo miezi mitatu. Namsifu akamfikiria Nakijwa na mama yake, akaogopa. Akamwelezea yule bwana habari ya macho, amwonee huruma. Ukaingia ujumbe wenye namba, akaombwa ausome, akausoma. Akaombwa namba ya siri. Hapo Namsifu akajisifia kidogo, kwamba kwao hakuna mtu anayeijua yote, kila mmoja ana mbili zake.

Yule bwana akawapongeza sana. Akasema laiti vikundi vyote vingekuwa hivyo. Kisha akamwambia asimtajie zote, hata yeye haruhusiwi kuzisikia zote, ataje zake tu. Namsifu akaona huyu ni mtu mwenye adabu. Akataja, na namba za simu za wenzake akampa.

Mama Mrutu simu ilimkuta shambani, matope mpaka viwikoni. Aliuliza kitu kimoja tu, kama katibu ameshataja. Alipoambiwa ndiyo, akataja zake, akarudi kwenye jembe.

Akabaki mmoja. Nakijwa alikuwa barazani na mama yake, wanachambua mbegu. Alipopigiwa na kuambiwa miezi mitatu, akatazama ile mikono ya mama yake inavyopapasa. Akaomba ampigie Namsifu kwanza. Akakataliwa.

"Hakuna muda, mama. Wenzako wote wameshatoa. Imebaki ya kwako tu."

"Namsifu katoa?"

"Katoa."

"Na Mama Mrutu?"

"Huyo hakunisumbua hata kidogo. Mama yangu, ni namba mbili tu. Namba mbili zitamfaa nani?"

"Kama hazimfai mtu, mbona unazitaka?"

Yule bwana akauliza, taratibu kabisa, "Au hutaki bibi aone?"

Nakijwa amesema mwenyewe kwamba hapo mdomo ulishafunguka, namba ziko ulimini. Kilichomzuia ni kufuli.

"Sikiliza, baba," akamwambia. "Kwenye sanduku letu wenzangu wawili wakishageuza funguo zao, mimi sishiki tena ufunguo mmoja. Nashika sanduku zima. Na sanduku tunafungua Alhamisi, watu wamekaa. Kesho ni Alhamisi. Njoo."

Akatukanwa matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu, simu ikakatwa.

Nakijwa alifika kwa Namsifu anahema, kanga begani. Kwenye simu ya kikundi wakakuta jumbe mbili kwamba mtu amejaribu kuingia na kushindwa. Alikuwa anabahatisha zile mbili za mwisho. Wakatafuta kadi ya benki, wakapiga namba iliyoandikwa nyuma yake, akaunti ikazuiwa palepale. Kesho yake asubuhi wote watatu wakateremka mjini. Dada wa dirishani akawabadilishia kila kitu, akawaambia namba ya siri hata wao benki hawaijui, na hawana haja ya kuijua, iwe yote, iwe nusu.

Jioni kikundi kikakaa. Namsifu akasimama analia, anajitetea kwamba yeye alitoa kipande tu. Mama Mrutu, ambaye kosa lake lilikuwa lilelile, akamkatiza.

"Na mimi kipande tu. Cha Nakijwa nacho kipande tu. Sasa shoga, hiyo siri nzima alikuwa nayo nani?"

Watu wakacheka, Namsifu akacheka na machozi yake. Nakijwa hakucheka. Akasema ile kauli, mara moja, akaketi. Wiki iliyofuata ilikuwa inasemwa sokoni, kwenye mashine ya kusaga, mpaka kwenye kwaya.

Na yule bibi alifanyiwa upasuaji Jumanne. Walipomfungua bandeji alimtazama Nakijwa muda mrefu, akamwambia, "Mwanangu, umezeeka." Nakijwa anasema hajawahi kusifiwa vizuri kama siku ile.

Kwa hiyo mtu akikupigia, hata awe na adabu za malaika, akakuambia hataki yote, taja tu hizo mbili, soma tu huo ujumbe mmoja, usihesabu wewe umeshika ngapi. Hujui yeye ameshakusanya ngapi. Kipande cha siri ni siri nzima.