Fisi Alivyokusanya Moto wa Mji

Mwenye kukohoa na akohoe sasa, hadithi ikishaanza haingoji mtu.

Katika mji wa wanyama, ule ulioegemea bahari, wakazi walizoea joto la kutoa jasho mtu amekaa tu. Mwaka mmoja kipupwe kikaja vibaya. Mwezi mzima halikudondoka tone, upepo wa kusini ukapasua midomo, na baridi ikakaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga.

Bi Paa alikuwa na siku tatu tangu ajifungue. Mwanawe alitetemeka mpaka masikio, na dawa yake ilikuwa moja tu, moto.

Mji ule moto hauuzwi. Aliyezimikiwa alishika kifuu na ukuni mmoja, akaenda kwa jirani, akauchochea ukuni wake jikoni mwa mwenyewe, akapewa kaa, akaondoka mbio.

Fisi akaona hapo pana ulaji. Akamwendea Simba, akamweleza kuwa nyasi zimekauka, cheche moja itateketeza mji, basi mioto yote izimwe ubaki mmoja uani kwake Fisi, aulinde yeye. Simba alikuwa amejikunyata chini ya mkeka, lakini alishatangaza kuwa mfalme hasikii baridi. Akajibu kwa sauti nzito kwamba moto ni kitu cha wanyonge, uzimwe tu. Maji ya kunywa yalikuwa ya shida. Ya kuzimia moto yakapatikana siku hiyo hiyo.

Kesho yake Bi Paa akafika kwa Fisi na ukuni wake. Akamkuta Sungura amechuchumaa motoni, akilisifia tumbo la mwenyeji.

"Kaka Fisi," Sungura akasema, "na wewe unapokea vijiti? Vinaliwa?"

Fisi akafikiri. Kufikiri kulimchosha upesi. "Kuni sizitaki tena. Anayetaka kaa alete samaki."

Bi Paa akamkata Sungura jicho. Akatoa ng'onda wake mmoja, aliyewawekea wageni wa uzazi, akapewa kaa dogo kama jino. Sungura akamfuata njiani.

"Dada, usiliwashe. Lifukie kwenye makumbi ya nazi, lifuke polepole. Na huo ukuni usiutupe. Bwana yule ana kitoweo cha mwezi, kuni hana. Mwache."

Siku nne mji ulipanga foleni na samaki, na Fisi akanenepa. Kwenda kutafuta kuni hakwenda. Kuni ni nzito, tena hazina mafuta. Akachoma ua wake, akachoma kitanda, akachoma mlango. Asubuhi ya tano akaamka mbele ya majivu, na baridi imeingia bila kupiga hodi.

Wa kwanza kunusa moshi wa Bi Paa alikuwa Simba. "Nimekuja kukagua," akasema, meno yakigongana. Bi Paa akachochea ukuni wake, akamwambia akague kwa karibu zaidi. Simba akakagua mpaka akasinzia, na yule mtoto, aliyekwisha kuacha kutetemeka, akalala kwenye manyoya yake.

Ndipo Fisi akatokea na kifuu.

"Bi Paa, jirani yangu, naomba moto."

"Umekuja na nini?"

"Nina samaki wazuri."

"Moto wangu hauli samaki. Ukuni uko wapi?"

Fisi akamtazama Simba. Simba hakufumbua hata macho.

"Nenda porini kalete," Simba akasema. "Wako, na wa kila nyumba uliyoizima."

Fisi akabeba kuni mpaka kipupwe kikaisha, mzigo juu ya kiuno, na kila aliyepelekewa akauliza mbona ni mbichi. Kiuno kile hakijanyooka mpaka leo. Waliosoma watakuambia alizaliwa hivyo. Waliopelekewa kuni wanajua.