Siku Nakijwa Alipoulizwa Kemia

"Njia ya mlimani huchaguliwa bondeni."

Nasemba na pacha wake Kirumbuyo waliyasikia maneno hayo asubuhi shuleni, mkuu wa shule alipokuwa akiwagawia wanafunzi wa kidato cha pili fomu za kuchagua mchepuo wa masomo, sayansi au sanaa. Jioni walimkuta babu yao, Mwalimu Mchome, akiosha tangawizi kwenye karai. Wakamwamkia, wakakunja mikono ya mashati, wakaanza kumsaidia.

"Babu," akasema Nasemba, "mkuu wa shule anasema methali hiyo ilizaliwa hapa hapa Nkanyeni. Ni kweli?"

Mzee alikung'uta maji vidoleni. "Ni kweli. Na wala si ya kale, haijatimiza hata miaka thelathini. Aliyeisema nilimjua, na aliyeambiwa nilimfundisha. Basi ngojeni niwaeleze ilikotoka."

Hapa kijijini palikuwa na binti akiitwa Nakijwa, mtoto wa mzee Sengasu. Alipokuwa na miaka kumi, ng'ombe wa jirani yao alishindwa kuzaa. Bwana mifugo alikuwa mbali, kule tambarare, na wanaume watatu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Nakijwa akasema mkono wake ni mwembamba, wamwache ajaribu. Akapaka sabuni hadi kwenye kiwiko, akaingiza mkono taratibu, akaupapasa mguu wa ndama uliokuwa umekunjwa, akaunyoosha. Ndama akatoka mzima.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Nakijwa tena. Aliitwa Daktari. "Daktari, njoo unitazamie mbuzi wangu." "Daktari, kuku hawa wana nini?" Hata baba yake, akimtuma chumvi dukani, alimwita Daktari. Naye mwenyewe hakuwa na shaka hata chembe. Wengine waliulizwa watakuwa nani wakikua. Yeye aliulizwa ataanza lini kazi.

Akaingia sekondari. Alipofika kidato cha pili, mwalimu wetu pekee wa fizikia na kemia akahamishwa. Kwa miezi saba masomo hayo yalifundishwa na ubao: mwanafunzi mmoja alinakili kitabu, wengine wakanakili ubao. Nakijwa akapata thelathini na moja katika kemia, akaona aibu, akalichukia somo lile. Ndipo fomu za mchepuo zilipokuja. Rafiki yake Ndimangwa, waliyekaa naye dawati moja, akajaza sanaa. Nakijwa akatupa jicho kwenye fomu ya mwenzake, akajaza vilevile. Haikumchukua hata muda wa kunywa kikombe cha maji.

"Sasa sikieni," Mwalimu Mchome aliwaambia wajukuu, na sauti yake ikashuka. "Mwalimu wa taaluma aliyekusanya fomu zile alikuwa mimi. Nilijua anaitwa Daktari. Wiki ile ile nilikuwa nimemwita nyumbani anitazamie kuku. Nilizihesabu fomu, zikatimia sitini na mbili, nikafunga bahasha. Sikumwuliza neno."

Pacha wale walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia babu yao akijisema vibaya.

Miaka miwili ikapita. Nakijwa alisoma historia, jiografia, lugha, na biolojia ambayo kila mwanafunzi huisoma, na yote aliyasoma kwa bidii. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa na daraja la kwanza, wa kwanza shuleni. Mzee Sengasu alichinja mbuzi. Watu walikula, wakacheza, wakamshika binti mkono na kumwambia, "Sasa Daktari, usitusahau."

Wiki iliyofuata baba na binti walishuka mlima, wakapanda basi kwenda kwenye chuo kimoja cha mifugo kuuliza utaratibu wa kujiunga. Nakijwa alivaa gauni lake la kanisani. Cheti alikiweka ndani ya Biblia kisikunjike.

Ofisini walimkuta mama mmoja wa makamo, mpole, aliyewapa viti. Alikipokea cheti, akakisoma, akatabasamu.

"Hongera sana, binti. Daraja la kwanza!"

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akakisoma tena, safari hii kwa kidole. Kidole kikafika chini, kikarudi juu. "Kemia yako iko wapi?"

"Sikufanya kemia, mama. Niliiacha."

"Na fizikia?"

"Nayo niliiacha."

Yule mama akavua miwani. "Uliacha lini?"

"Kidato cha pili."

"Binti yangu," akasema, na ilionekana neno lenyewe linamuuma, "hapa huwezi kuingia. Wala chuo kingine chochote cha mifugo hakitakupokea. Dawa ni kemia. Chanjo ni kemia. Bila kemia hata fomu ya maombi siwezi kukupa."

Mzee Sengasu akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha asiouelewa vizuri. "Samahani, mama. Pengine hujamjua. Huyu ni Daktari. Akiwa na miaka kumi alizalisha ng'ombe kwa mkono wake. Kijiji kizima kinajua."

"Nakuamini, baba."

"Na ni wa kwanza shuleni."

"Nimeona. Ningekuwa na uwezo ningempokea leo hii."

"Basi andika hapo kwamba kemia atasoma humu humu."

"Haiwezekani, mzee wangu."

Nakijwa aliona midomo ya yule mama ikiendelea kwenda, ila masikio yake yalikuwa yameziba kama mtu aliyezamishwa kichwa ndani ya pipa la maji. Alikuwa akijaribu kuikumbuka siku ile ya fomu. Alikuwa amekaa upande gani wa dawati? Nani alimpa kalamu? Hakukumbuka. Siku iliyomwamulia maisha yake ilipita na yeye hakuiona, wala hakuna aliyemwambia, "Itazame, ndiyo hii."

Basi liliwashusha chini ya mlima saa saba mchana, ukungu umetanda. Pale chini njia zinagawanyika. Ya kulia inakuja hapa Nkanyeni, ya kushoto inakwenda Mrangi. Baba alidhani binti anaongoza. Binti alidhani anamfuata baba. Walipanda kwa muda wa karibu saa mbili, kila mmoja na yake kichwani.

Ukungu ulipofunguka, Nakijwa alisimama ghafla. Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa korongo. Alimwona mama yake akianika nguo. Aliweza hata kutambua kanga ipi ni ipi.

"Baba! Tuko wapi?"

Mzee Sengasu aligeuka kushoto, akageuka kulia. Uso ukamsawajika. "Mrangi," alinong'ona. "Tumepanda njia ya Mrangi. Miaka hamsini na nne napanda mlima huu, Nakijwa. Hamsini na nne!"

Binti akaita, "Mama!" Mama yake akainua kichwa, akatafuta sauti inakotoka, akawaona, akaduwaa na nguo mbichi mkononi. Hakuweza kuelewa watu wake wanafanya nini kule.

"Tukate hapa katikati," Nakijwa akasema. "Ni karibu, baba. Si unaona ni karibu?"

"Hapakatiki. Korongo hilo lilimmeza mtu mzima na punda wake." Mzee aliketi juu ya jiwe. Hapo ndipo yalipomtoka maneno yale ambayo hayakuwa yamewahi kutamkwa na mtu. "Mwanangu, njia ya mlimani huchaguliwa bondeni. Huku juu hakuna cha kuchagua, isipokuwa kurudi. Na mimi baba yako sikuwepo bondeni. Nilikuita Daktari miaka yote hii, sikuuliza hata siku moja daktari hupitia wapi."

Nakijwa alilia, kwa mara ya kwanza tangu watoke ofisini. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akatazama jua.

"Tukirudi chini sasa hivi, tutafika nyumbani kungali na mwanga?"

"Tukianza sasa."

Wakashuka.

Siku chache baadaye Ndimangwa alikuja kuaga, amechaguliwa kidato cha tano. Nakijwa akamwuliza kwa uchungu, "Kwa nini ulinipeleka sanaa?"

Ndimangwa alishangaa mpaka akashika mdomo. "Mimi? Mimi nilitaka uanasheria tangu kidato cha kwanza! Nilimwandikia shangazi, akaniambia masomo ya kusoma. Nilidhani na wewe umeuliza kwenu."

Halikuwa kosa la rafiki, na hilo lilimwumiza Nakijwa kuliko yote.

Jumatatu alibisha mlangoni kwangu. Akasema, "Mwalimu, naomba niingie kidato cha tatu. Vipindi vya kemia na fizikia tu. Nitafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea." Nikamruhusu. Msichana wa kwanza shuleni akaketi na watoto aliowaacha nyuma, waliomcheka wazi. Watu walipomletea mbuzi wagonjwa alikataa kuitwa Daktari. "Bado," aliwaambia, "msiniite hivyo." Miaka miwili alisoma, akafanya mtihani, kemia akafeli. Nilidhani ataacha. Akarudia mwaka wa tatu, akafaulu. Alipoanza mwaka wa kwanza chuoni, Ndimangwa alikuwa chuo kikuu tayari. Shahada yake ya udaktari wa mifugo Nakijwa aliipata akiwa na miaka thelathini na tatu. Leo ndiye daktari wa mifugo wa wilaya jirani. Kila mwaka, fomu zinapotoka, hupanda huku na kuwasimulia wanafunzi safari ya Mrangi, ndiyo maana maneno ya baba yake yakawa ya watu wote.

Hapo Mwalimu Mchome akamaliza hadithi. Tangawizi zilikuwa zimebaki majini. Nasemba aligundua kwamba pacha wake ameacha kuosha.

"Kirumbuyo," mzee akamwita. "Wewe fomu yako?"

"Nimekwisha kuijaza, babu. Sayansi." "Kesho narudisha."

"Vizuri. Kwa nini sayansi?"

Kijana alijikagua moyoni akitafuta sababu, na macho yakamtoka alipoona hakuna kitu.

"Kwa sababu rafiki yangu Eliapenda amejaza sayansi," akasema kwa sauti ndogo.

Babu yake hakumkemea. Alikausha mikono, akasogeza kiti, akaomba fomu iletwe pamoja na kalamu, na Nasemba naye alete ya kwake.

"Ketini," akasema. "Tuna usiku mmoja tukiwa bado bondeni. Njia ya mlimani huchaguliwa bondeni."