Hodi Tatu za Mvuani

Leo nina mfano, na akina mama mlioko nyuma ya pazia msininunie, maana unaanzia kwenu.

Palikuwa na wanawake majirani waliopenda kusoma. Kila Jumamosi baada ya Alasiri walikusanyika kwa mmoja wao, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakinywa kahawa na kubishana. Mimi sibezi. Afadhali kubishania kitabu kuliko kumsengenya jirani.

Basi wakapata riwaya moja ya zama za masultani, yenye waganga wa kuamrisha mvua na majini wadogo wenye mabawa, wazuri wa sura, wabaya wa moyo. Majini hao walikuwa na hila moja. Walikuja mlangoni wakapiga hodi kwa sauti ya mtu wako aliye mbali. Ukisema karibu, umekwisha.

Siku waliyofika hapo, mvua ya masika ilikuwa inamwagika na chumba kimeingia giza. Mmoja akasema, "Mimi nisingedanganyika. Ningenyamaza kimya." Mwingine akasema mambo hayo si ya kitabuni tu, bibi yake aliyaona kwa macho yake. Kila aliyesema akamtia mwenzake hofu zaidi. Mwenye nyumba akainuka, akafunga komeo, akarudi kukaa katikati ya wenzake.

Mara mlangoni: "Hodi!"

Wakasogeleana.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi mama yako."

Mwenye nyumba akajimwagia kahawa mapajani. Ilikuwa sauti ya mama yake kweli.

"Mama yako si yuko shamba?" mwenzake akamnong'oneza.

"Yuko shamba. Juzi nimeongea naye kwa simu, hakusema anakuja."

"Basi usijibu! Kitabu kimesemaje?"

"Tuchungulie tu dirishani," akasema mmoja.

"Uchungulie uone nini? Ukimwona, naye ameshakuona!"

Wakashikana mikono. Mmoja akaanza Ayatul Kursi, akaikosea katikati, akaanza upya. Nje ikaja hodi ya tatu, dhaifu, karibu imezwe na mvua. Kisha kimya.

Enyi waumini, wewe ungefungua? Usinijibu upesi. Wengine humu mkisikia paka juu ya bati mnamwamsha mke atangulie.

Mvua ilipokatika wakacheka, wakapongezana kwamba wamemshinda jini, kila mtu akaenda kwake. Mwenye nyumba alikuwa anakusanya vikombe alipobishiwa hodi tena. Safari hii ilikuwa sauti ya jirani wa nyumba ya pili, mtu anayemwona kila siku. Akafungua.

Jirani alikuwa amejitanda kanga, macho mekundu. "Kumbe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Kuna nini?"

"Mama yako yuko kwangu. Kifua kilimbana huko shamba, akapewa nafasi kwenye lori la mihogo ili umpeleke hospitali. Nimemkuta barazani kwangu amelowa chapa. Nikamwambia, mama, njoo nikugongee mlango kwa nguvu. Akanikataza. Akasema, 'Nimeshapiga hodi tatu. Mwanangu hayupo. Angekuwepo angenifungulia.'"

"Niitie gari! Yuko macho?"

Jirani akainamisha kichwa. "Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Innalillahi."

Ndugu zangu, sisi tumefundishwa adabu: hodi ni tatu, usipojibiwa, ondoka bila kinyongo. Bibi yule aliifuata adabu hiyo huku pumzi zikimwishia. Na binti alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, akimwomba Mwenyezi Mungu amwepushe na mama yake.

Majini wapo, Qur'ani imewataja, sitaki mtu atoke hapa aseme imamu amewakana. Lakini komeo lile halikufungwa na jini. Na sisi tusijione bora, eti hatusomi riwaya. Sisi tuna zetu. Tumeambiwa fulani ana jicho baya, hatumpi mkono. Tumeambiwa ukoo ule una mashetani, hatuwaziki maiti wao. Mgonjwa anatuita, tunauliza kwanza ametumwa na nani. Hofu imetujaa mpaka sauti ya aliyetuzaa tunaiona mtego.

Mimi naogopa, wallahi naogopa. Siogopi kiumbe mwenye mabawa. Naogopa siku nitakayosimamishwa mbele ya Mola, aje mtu niliyemwacha nje, naye badala ya kunishitaki anitetee, aseme, "Ya Rabi, msamehe, hakuwepo." Nami nitamjibu nini, ilhali Mola aliniona nimekaa ndani?