Oili ya Gari la Bi Elionora

Penye tone sipo penye tundu. Mmemsikia dereva yule akimwambia mwenzake, mkanigeukia mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yametoka gerejini, hapa hapa Mombo. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na fundi aitwaye Singano. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara ipandayo Lushoto, na aliiendesha pamoja na shemeji yake Mbelwa, aliyemwoa dada yake Sauda. Singano ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa umri na kwa sauti. Mbelwa alikuwa mtu wa maneno machache.

Siku moja Bi Elionora aliwaletea gari lake walifanyie matengenezo. Alikuwa mkunga mstaafu, lakini watu wa milimani bado walimwita kuzalisha, na gari hilo lilikuwa limezeeka pamoja naye. Mafundi wakagawana kazi. Singano akafungua kifuniko cha juu cha injini, akarekebisha valvu, akaweka gasketi mpya ya kuziba oili isivuje. Mbelwa akalala chini ya gari, akafungua sampo, yaani lile bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini, akaisafisha na kuirudisha.

Halikupita juma, gari likarudi linavutwa na lori. Bi Elionora alikuwa akipanda kwenda Soni, taa nyekundu ya oili ikawaka, akalizima njiani.

"Injini nimeiwahi," alisema. "Niliyemkosa ni mzazi aliyekuwa akiningoja. Amejifungua akiwa na mama mkwe wake tu. Mungu amesaidia, mama na mtoto ni wazima."

Singano akainama, akachungulia. Sampo ilikuwa imelowa, na tone la oili linaning'inia kwenye kona yake. Hakutaka kuona zaidi. Palikuwa na wateja, na wauza matunda wa barabarani walikuwa wamesogea kutazama.

"Mbelwa, njoo uitazame kazi yako," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mtu mzima na ndevu zako unashindwa kukaza bolti? Uvivu wako ungeua watu."

Mbelwa alipiga magoti, akazishika bolti moja baada ya nyingine.

"Zimekaza, shemeji. Tuioshe injini kwanza, tuone oili inaanzia wapi."

"Inaanzia ulipogusa wewe."

Mbelwa akanyanyuka, akajifuta mikono, akaenda zake. Jioni ile Sauda alipita mbele ya gereji na ndoo yake kichwani, wala hakumwamkia kaka yake.

Singano akaifungua sampo mwenyewe, akaweka gasketi nyingine, akakaza mpaka mishipa ikamtoka. Asubuhi akakuta tone. Akabadilisha washa, kile kipete cha nati ya kumwagia oili. Tone likarudi pale pale. Kila alipolala chini ya gari lile alihisi watu wanamtazama miguu. Mwisho hakubakiwa na njia ila ile aliyoambiwa na shemeji yake, akaikataa.

Akaiosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, akaikausha, kisha akaipaka unga mkavu kila upande. Akaiwasha, akaiacha ingurume mpaka ikapata moto. Alipozima na kumulika kwa tochi, aliona unga mweupe kote, isipokuwa mstari mmoja mweusi uliolowa. Akaufuata kwa kidole kutoka kwenye sampo. Ulipanda nyuma ya injini, mahali jicho halifiki kwa urahisi, ukaenda kuishia chini ya kifuniko cha juu. Kifuniko alichokifunga yeye.

Akakifungua. Chini ya gasketi mpya palikuwa na kipande cha gasketi ya zamani ambacho hakukikwangua. Kilikuwa kimeinyanyua ile mpya kidogo tu, na hapo ndipo oili ilipopata upenyo.

Uso ulimwaka. Akatazama huku na huku, hakuna aliyekuwa karibu. Tambara lilikuwa mkononi. Angefuta mstari ule, akaweka gasketi nyingine, na Mombo nzima ingesema Singano amerekebisha makosa ya Mbelwa. Tambara likafika kwenye unga. Hapo ndipo alipojiona alivyo, na aibu ya kutaka kuficha ikampata zaidi kuliko aibu ya kosa lenyewe. Akalitupa.

Alimkuta Mbelwa akipalilia mahindi. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimkauka.

"Umeona inakovuja?" Mbelwa aliuliza, jembe halijasimama.

"Juu. Kwenye kifuniko changu." Singano alitazama chini. "Niliona tone, nikadhani nimeona tundu. Kumbe penye tone sipo penye tundu, shemeji."

"Si ungefuta tu, ukanyamaza."

"Nilitaka. Tambara lilikwishagusa."

Jembe likasimama. Mbelwa aliegemea mpini. "Lakini hukunitukana hapa shambani," alisema.

"Najua. Ndiyo maana unga nimeuacha, watu wauone."

Kesho yake wakarudi wote gerejini, na Bi Elionora akaitwa. Singano alifungua boneti mbele ya wateja na wale wauza matunda, akawaonyesha mstari mweusi tangu chini hadi juu. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo, ikabidi watu wasogee. Akasema oili ilivuja kwake, na kwamba aliyemwita mvivu mbele yao hakuwa na kosa. Mbelwa alikuwa akitazama ardhi, kama vile aibu ni yake. Kisha Singano akakwangua kile kipande, akafunga gasketi mpya, na gari likapanda milima likiwa kavu.

Mbelwa alirudi kazini, ingawa si siku ile. Sauda alichukua muda mrefu zaidi kabla ya kumwamkia kaka yake tena. Madereva nao wakaondoka na yale maneno, wakawa wanayasema kila mtu alipomrukia mwenzake kwa lawama kabla ya kuchunguza. Singano alipoyasikia aliinamisha kichwa, lakini hakumkataza mtu kuyasema.

Basi ndiyo hiyo, wanangu. Penye tone sipo penye tundu.