Ndoo ya Machungwa Iliyorudi Imejaa

Wapenzi wa mpira, leo msinishangilie humu kanisani. Na wale msioupenda, msisinzie, maana habari yenyewe haikai uwanjani muda mrefu.

Alikuwako mzee mmoja katika mji mdogo, mji ambao msimu wa machungwa ukifika unayanusa kabla basi halijasimama stendi. Mji ule ulikuwa na chuo cha ualimu, chuo kilikuwa na timu, na timu ilikuwa na mzee huyu. Miaka thelathini na minane hakukosa mechi ya nyumbani, ila mbili tu. Ya kwanza alilazwa kwa malaria. Ya pili mkewe alikuwa anajifungua mapacha, na hata hiyo aliwahi kipindi cha pili. Mkewe hajaisahau mpaka leo, na sidhani kama mnamlaumu.

Kazi yake ilikuwa uashi. Alisema "chuo chetu" kama mimi na wewe tunavyosema "nyumbani kwetu", na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Basi mzee huyu alikuwa na desturi yake. Kila mechi ya nyumbani, filimbi ya mapumziko ikilia, aliingia uwanjani na ndoo nyeupe ya machungwa aliyoyamenya mwenyewe na kuyakata nusu nusu. Kila mchezaji alipewa nusu moja pamoja na maswali mawili: "Kwenu wapi? Mama hajambo?" Tena hakuuliza kama sisi tunavyoulizana "hujambo" huku miguu inaondoka. Alisimama akangoja jibu. Wiki mbili baadaye ungemsikia, "Mhina, mguu wa mama umepona?" au "Shemdoe, mama amepata paa?" Wapo walimu wakuu wenye mvi leo, Songea huko na Bukoba, ambao wakikutana na mtu wa mji ule swali la kwanza ni hili: yule Mzee Machungwa bado yupo?

Halafu mambo yakaanza kubadilika, na ninyi mnajua mambo yakianza kubadilika huwa hayabishi hodi.

Chuo kilipandishwa hadhi, kikawa tawi la chuo kikuu. Timu ikaingizwa kwenye ligi kubwa, na ligi kubwa ikawapangia wapinzani wa mbali, wa kufuatwa kwa basi siku nzima. Ile mechi ya Jumamosi ya mwisho ya Septemba dhidi ya chuo cha ng'ambo ya reli, mechi ambayo watu walitukanana tangu asubuhi kisha jioni wakala pilau sufuria moja, ikafa. Hakuna aliyeiua. Iliachwa tu nje ya ratiba. Akaja mdhamini, jezi ya kijani na nyeupe ikavuliwa, ikavaliwa ya zambarau yenye michirizi ya dhahabu. Mzee alipoiona mara ya kwanza alimwambia mkewe, "Wamevaa kama kamati ya harusi." Uwanja nao ukazungushiwa uzio.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaa kooni ni la wachezaji.

Zamani kijana alianza mwaka wa kwanza akacheza mpaka anahitimu. Sasa wakaanza kuletwa. Chuo kimemwona mshambuliaji huko Iringa, kimemhamisha, kimempa nafasi ya masomo na posho, na msimu ukiisha chuo kingine kimemwita naye ameondoka. Septemba mzee akifika uwanjani anakuta sura ngeni nane. Akishajua kwao wapi, akishajua mama anaitwa nani na anaumwa nini, kijana hayupo. Mmoja alimwulizia mama yake msimu mzima, akampelekea mpaka dawa ya kikohozi. Msimu uliofuata kijana yule akarudi na jezi ya wapinzani, akafunga bao, akakimbilia pale pale aliposimama mzee, akashangilia mbele ya ndoo yake.

Siku ile mzee alirudi nyumbani akakaa jikoni kwa mkewe, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Kurwa," alisema, "mtu akikuondokea, unaumia mara moja. Hawa wananiondokea kila mwaka."

Wenzangu, msimcheke. Aliumia kweli. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Yeye alifanya hivi. Aliendelea kununua machungwa, aliendelea kuingia na ndoo, lakini kabla ya kumpa mtu nusu yake alimuuliza swali jipya: "Wewe umeanza hapa, au umeletwa?" Aliyesema ameanza hapa alipata chungwa na kuulizwa habari za mama. Aliyesema ameletwa, mzee alimpita. Hakumtukana wala kumnunia. Alimpita tu, kama unavyompita mtu aliyekaa kwenye benchi la stendi akingoja basi lake.

Msimu wa kwanza wa sheria hiyo, walioanza pale walikuwa saba. Uliofuata wakawa wanne. Halafu akabaki mmoja, beki wa kulia, na mzee akampa machungwa mengi asiyoweza kuyamaliza. Kisha beki naye akahitimu.

Ikafika Jumamosi moja. Filimbi ya mapumziko ikalia, mzee akaingia na ndoo yake, akauliza wa kwanza, "Umeanza hapa au umeletwa?" Nimeletwa. Wa pili, nimeletwa. Wa tatu. Wa tano. Alipofika wa mwisho hakuuliza tena, maana kijana mwenyewe alishainamisha kichwa. Mzee akabaki katikati ya wachezaji wenye kiu, ameshika ndoo iliyojaa, na hana wa kumpa.

Akatoka uwanjani hata kipindi cha pili hakijaanza. Mpira gani tena? Miaka thelathini na minane, na timu yake imekwisha wakati watu kumi na mmoja wamesimama mbele yake.

Ndoo ilikuwa nzito na njia ina kilima. Alipofika kwenye bweni la wavulana akaketi kwenye ngazi apumzike, akakaa pale muda mrefu, mpaka mechi ikaisha na wachezaji wakaanza kurudi. Wengi walipita pembeni wakijifanya hawajamwona. Mmoja akasimama. Alikuwa kipa, jitu refu, magoti yamechubuka, glovu kazishika mkono mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nikusaidie ndoo mpaka nyumbani?"

Mzee, kwa mazoea tu, ulimi ukatangulia. "Wewe umeanza hapa, au umeletwa?"

"Nimeletwa, mzee. Mwezi wa kwanza." Kipa akakaa ngazi ya chini yake, akanyoosha miguu. Kisha akauliza naye, bila ubaya wowote, kwa kuwa alidhani anazungumza na mwalimu mstaafu. "Na wewe mzee, ulianza hapa mwaka gani?"

Ndugu zangu, swali la mzee likawa limemrudia mwenyewe.

Na yeye hakuanza pale. Hakuanza mwaka wowote. Katika miaka thelathini na minane ya "chuo chetu" na "timu yetu" hakuwahi kukaa darasani humo hata dakika moja, wala hana cheti cha chuo kile. Aligeuka akatazama ukuta uliokuwa nyuma yake, na matofali yale aliyafahamu, kwa kuwa aliyapanga kwa mikono yake. Aliingia mji ule akiwa kibarua, amepakiwa nyuma ya lori juu ya mifuko ya saruji, ili ajenge bweni lile.

Akakumbuka Jumamosi yake ya kwanza. Alikuwa na wiki mbili mjini bila mtu wa kuzungumza naye, na kwa wiki hizo mbili swali pekee aliloulizwa na binadamu lilikuwa "mchanga uko wapi?" Aliposikia kelele akazifuata, akasimama kando ya uwanja na nguo zake zenye saruji, akashangilia asiowajua. Mapumziko yakafika. Nahodha wa timu, kijana mwenye jezi ya kijani na nyeupe, alikuwa anagawa machungwa kwa wenzake kutoka kwenye kikapu. Akatoka nje ya mstari akamfuata yeye, kibarua, akampa nusu. "Chukua, kaka, umepiga kelele mpaka umekauka. Kwenu wapi? Mama hajambo?"

Alilia siku ile. Alikula chungwa huku analia, na nahodha alisimama akamngoja mpaka alipoweza kujibu.

Mnaona? Hata yale maswali mawili hayakuwa yake. Naye alipewa.

"Mzee?" kipa akasema. "Nimekosea kuuliza?"

"Hujakosea," mzee alisema. "Mimi nililetwa, mwanangu. Niliketi juu ya saruji mpaka suruali ikaganda."

Kipa akacheka. Mzee akaingiza mkono kwenye ndoo, akachagua nusu iliyo nzuri kuliko zote, akampa.

"Kwenu wapi?"

"Kasulu."

"Mama hajambo?"

Kipa alilishika lile chungwa asilile. Akalitazama. "Mama alifariki mwezi wa tatu, mzee. Tulimzika Jumatano. Jumamosi nilikuwa golini hapa."

Mwezi wa tatu. Mzee aliikumbuka Jumamosi hiyo vizuri, kwa kuwa hakukosa mechi. Alikuwa ameingia na ndoo yake, akafika kwa kipa mpya mwenye macho mekundu, akamuuliza kama ameanza hapa au ameletwa. Akampita.

Mzee alishuka ngazi moja akakaa sambamba na yule kijana, bega kwa bega. Baadaye wakabeba ndoo pamoja mpaka nyumbani.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Baba Kurwa, mbona ndoo imerudi imejaa?"

"Nimerudi na mgeni," alisema. "Amefiwa na mama yake, na sisi hatukwenda kumpa pole."

Mama yule alimshika kijana mkono, akamwingiza ndani, akabandika maji ya ugali.

Mechi iliyofuata machungwa hayakutosha. Waligawiwa wote kumi na mmoja na wa benchi, wageni pia, hata mwamuzi, ambaye hakustahili kabisa. Na mzee aliendelea kuumia kila mwezi wa sita wanapoondoka. Sitawadanganya kwamba aliacha kuumia. Jezi ile ya kamati ya harusi hajaipenda mpaka leo. Lakini anaijua, ya kila mmoja, na mama wa kila aliyeivaa.

Sasa tuzungumze sisi. Tuufunge mlango tusemezane kama watu wa nyumba moja.

Kanisa letu la zamani lilibomolewa, nami najua nani alilia, kwa sababu nililia naye. Mabenchi ya mninga yameondoka, tunakalia viti vya plastiki vinavyoteleza. Ibada imekuwa mbili. Kwaya iliyoimba kwa kayamba sasa ina kinanda kinachotushinda kelele. Anayeona uchungu kwa hayo simkaripii. Huwezi kuumia kwa kitu ambacho hukukipenda.

Ila wamekuja watu. Wamehamia zile nyumba mpya nyuma ya soko, wanakaa safu ya nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha wanatoka bila kuguswa mkono. Tumewauliza nini? Tumewauliza barua ya uhamisho. Tumewauliza wamebatizwa usharika gani na mtaa wao ni upi. Mzee wa kanisa asinikasirikie, barua tuzipokee, utaratibu ni mzuri. Lakini kuna mtu anakaa nyuma pale mwezi wa pili huu, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kama mama yake yu hai.

Na wewe uliyekaa mbele, ulianza hapa mwaka gani? Nani katika sisi alizaliwa ana haki ya kuingia nyumba hii? Huyu aliletwa na ndoa. Yule aliletwa na msiba, mwingine na ulevi uliomshinda. Mimi mchungaji wenu niliokotwa na bibi mmoja kwenye mvua, akanivuta ndani nisilowe, nikasikia neno nisilolitarajia. Wote tumeletwa. Aliyetuita hakutuuliza mwaka. Alitoka nje ya mstari akatufuata na mikono yake imejaa. Halafu sisi tuliobebwa ndio tunasimama mlangoni tukichambua wanaobebwa leo! Nyani, mnajua wenyewe asichokiona.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee yule alidhani wageni wamemmalizia timu yake. Mgeni mmoja tu ndiye aliyemrudishia.

Leo pale mlangoni nimeweka ndoo ya machungwa. Mke wangu ameyamenya tangu alfajiri, kwa hiyo msimwangushe. Kila mtu achukue nusu moja, na asiile. Amtafute mtu asiyemjua jina, ampe, amwulize kwao wapi na kama mama hajambo. Kisha asimame angoje jibu.