Kilio Kifupi cha Kaduma

"Mpunguza chuma hupunguza kilio."

Mzee Nalyalya aliwatupia vijana wawili neno hilo huku anaziba pancha ya baiskeli. Vijana walikuwa wanajenga kibanda cha kuchajia simu hapo jirani, na walikuwa wanabishana wachomoe nondo ngapi kwenye lenta. Wakacheka.

"Babu, tangu lini chuma kikalia?" mmoja akauliza. "Hiyo umeitunga sasa hivi."

"Sijatunga kitu. Na wala haikutoka kwenye ujenzi. Imetoka kaburini, kwenye kambi ya mkonge, na mwanzo wake ni huu. Kaeni chini. Saruji yenu haina miguu." Wakakaa, naye akasimulia.

Kambini kulikuwa na mtu anaitwa Ntakije, Muha wa Kasulu. Alikuja kwa treni, akapewa namba na panga, akasahau kurudi. Kama wenzake wote. Tofauti yake ilikuwa gitaa, gitaa kavu lililopasuka ubavuni. Hakulipakata kama wapiga gitaa wengine. Alililaza mapajani, nyuzi kaziinua juu kwa kijiti. Mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto haubonyezi kitu, umeshika kipande cha chuma unakiburuza juu ya nyuzi. Basi gitaa haliimbi, linalia. Linavuta sauti kama mama aliyeletewa habari mbaya.

Na kilio hicho kilikuwa na kazi. Watu wa kambi walikufa mbali na kwao. Mama yuko Kasulu, dada yuko Njombe, nani atalia? Wanaume wa mkonge hawajui kulia, wanajua kukohoa. Kwa hiyo kambi ikaweka desturi yake. Maiti akishateremshwa na kamba zikishavutwa, Ntakije anapiga uzi mmoja, mara moja tu, na kuuburuza kutoka juu mpaka chini. Wakati huo mtu wa karibu wa marehemu anainama, anachota udongo wa kwanza, anatupa. Sauti lazima iwe bado hai udongo unapogonga sanduku. Ikiwa hai, marehemu ameliliwa. Ikifa kabla, ameondoka mkavu. Na kupiga mara ya pili ni mwiko, kwa sababu ni kuita maiti wa pili.

Mwanzoni Ntakije alipata shida. Alijaribu shingo ya chupa. Sauti ilitoka safi, lakini nyembamba, haifiki popote. Akajaribu mfupa wa ng'ombe, ukanong'ona tu. Kaduma akamkuta anahangaika na huo mfupa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"We Muha, unawalilia watu kwa supu?"

Kaduma alikuwa Mbena, fundi wa kukereza vyuma pale karakana. Yeye na Ntakije walitaniana tangu siku waliyopangiwa chumba kimoja, na hata Kaduma alipooa Semeni na kuhama, matusi yao hayakuhama. Siku ile Kaduma alichukua shafti ya zamani ya mashine ya kusaga mkonge, iliyovunjika, chuma cha pua kigumu kweli. Akakata kipande cha urefu wa kidole, unene wa betri ya tochi. Akakikereza, akakisugua mpaka kikawa laini kama yai. Kizito! Ukikitia mfukoni, suruali inashuka.

Ntakije akakilaza juu ya uzi, akadonoa. Sauti ikaondoka, ikatembea, ikapita mlangoni. Kaduma alikuwa anahesabu. Alifika kumi na mbili.

"Unaona?" akasema. "Kitu kizito kinaukalia uzi, uzi unalia wenyewe. Kitu chepesi kinatetemeka pamoja nao, kinaila sauti. Sasa kawalilie watu, uache supu."

Miaka saba kile chuma kililia. Hakuna aliyeondoka mkavu.

Halafu akaja Kihongosi. Huyu alikuwa na bendi mjini, yenye suti za kitenge na ngoma za kizungu, ikipiga dansi la mchana kila Jumapili. Alikuja kambini kumzika binamu yake, akalisikia gitaa. Baada ya mazishi akamvuta Ntakije pembeni.

"Una mkono, kaka. Lakini gitaa lako linalia kama ng'ombe aliyefiwa na ndama. Nataka sauti ipande, ishuke, ikimbie. Watu wananilipa wacheze, hawanilipi walie. Ukiweza kukimbia, suti ipo."

Ntakije akajaribu kukimbia. Hakuweza. Chuma kilikuwa kizito, akikipeleka juu haraka kinapitiliza, akikirudisha kinamchelewesha. Mkono ulivimba. Na mtu aliyekata mkonge miaka kumi na moja, miiba imemtoboa mpaka kwenye kope, mwambie kuna suti mjini uone kama atalala. Akaenda karakana.

"Kitoboe," akamwambia Kaduma.

"Nini?"

"Hiki chuma. Kitoboe katikati kiwe bomba. Kipungue uzito."

Kaduma alizima mashine. "Umelogwa?"

"Nataka kiwe chepesi. Nje kibaki hivi hivi, king'ae. Ndani utoe."

"Ndani ndiyo sauti, we mla migebuka! Nikishatoa, sirudishi. Chuma si ugali, useme nitaongeza unga."

"Nikatie kingine basi, hicho kibaki."

"Kutoka wapi? Shafti meneja kaiuza chuma chakavu, na hizi zilizobaki ziko ndani ya mashine zinafanya kazi. Kipo hicho kimoja."

Ntakije akakipima chuma kiganjani. Kisha akasema, "Kitoboe."

"Na watu wa kambi?"

"Watu wa kambi watanikatia mkonge? Miaka saba nawalilia, nani amewahi kunishikia panga hata siku moja? Nitobolee nitoke hapa."

Kaduma akakipokea chuma. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ndio ulimjia.

"Na mimi nikifa, utanililia kwa filimbi?"

"Wewe hufi. Pombe ya ulanzi imeshakukausha, utadumu kama dagaa."

Wakacheka wote wawili. Kaduma akakifunga chuma kwenye mashine, akawasha. Vipande vyembamba vya chuma vikawa vinatoka vimejikunja, vinaanguka sakafuni, vya moto. Alipomaliza alikipuliza, akakiinua, akachungulia jicho moja kwenye tundu. "Haya. Nenda kawachezeshe."

Sitaki kuwadanganya, mjini kilifanya kazi. Kile chuma chepesi kilikimbia kama panya juu ya kenchi ya paa. Ntakije akapata suti, akapata jina, wanawake wakamtuma mtu amwite. Sauti ilikuwa inakatika upesi, ndiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na ngoma na tarumbeta, nani atajua? Kambini walipokufa watu wawili mwaka ule, wenzao walimtumia salamu. Hakwenda. Alikuwa na dansi. Wakazikwa kwa kikohozi.

Mwaka wa pili Kaduma alishikwa na tumbo Alhamisi. Ijumaa asubuhi akafa.

Aliyepeleka habari mjini alikuwa dereva wa lori la kambi. Alimkuta Ntakije ananyoa ndevu. "Semeni anasema uje. Wanazika alasiri. Anasema, mwambieni shemeji aje na gitaa, mume wangu asiondoke mkavu."

Ntakije alipanda lori na povu kwenye shavu moja. Njiani alikitoa chuma, akakilaza juu ya nyuzi, akadonoa, akahesabu kimoyomoyo. Nne. Akadhani ni kelele za injini. Akamwomba dereva asimame, azime. Dereva akazima. Nne.

Walipofika aliwahi karakana kabla hata ya kwenda msibani. Aliyebaki pale alikuwa kijana wa mafuta, Mwakalobo. Ntakije akamshika mabega.

"Nikatie chuma, ndugu yangu. Kizima. Kidogo tu."

"Mashine hiyo alikuwa anaijua Kaduma, kaka. Mimi natia grisi."

Akaokota kipande cha nondo. Migongo yake ikakwaruza nyuzi, ikapiga kelele kama msumeno. Akaokota kipande cha bomba la shaba. Sauti ikatoka laini, tamu, ikalala baada ya tano. Akayeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye kopo, akaimimina ndani ya tundu la chuma chake mwenyewe. Kikarudi kizito. Lakini risasi ilipopoa ilisinyaa, ikawa inacheza ndani. Kila akiburuza inagongagonga kama jino bovu. Akaisukuma ikatoka. Mwakalobo alikuwa mlangoni.

"Kaka, wameshanyanyua sanduku."

Akaenda na kile kile, kitupu.

Kambi nzima ilikuwa pale, wameshika kofia mikononi. Semeni alisimama upande wa kichwa, kanga kaifunga kiunoni. Ndiye angetupa udongo. Alipomwona Ntakije na suti yake na gitaa lake, aliinamisha kichwa mara moja. Hakulaumu. Alikuwa na uhakika.

Ntakije akakaa juu ya udongo, akalaza gitaa. Sanduku likateremka. Kamba zikavutwa, moja, ya pili. Akadonoa.

Sauti ilitoka nzuri. Iling'aa. Semeni akainama kuchota, udongo ukamponyoka kidogo, akachota tena. Akainuka. Sauti ilikuwa imeshakufa. Ilikufa yeye akiwa bado ameinama. Alisimama na udongo mkononi, anasikiliza, anasubiri labda imepita tu mahali itarudi. Watu wote walisikiliza. Kunguru aliruka. Hakuna kitu.

Ntakije akadonoa mara ya pili.

Wanaume walipiga kelele. Mmoja alimrukia akamshika mkono. Mwingine akaweka kiganja juu ya nyuzi akazinyamazisha. "Unamwita nani? Unamwita nani wewe?"

"Mwacheni," Semeni akasema.

Akazunguka kaburi, udongo bado uko mkononi. Akainama, akakiokota kile chuma kilichoanguka majanini, akakielekeza juani. Akaona jua upande wa pili. Akajua.

"Nani alikitoboa?"

Ntakije akalifuta gitaa vumbi.

"Shemeji, nauliza. Nani alikitoboa?"

"Kaduma mwenyewe."

"Kwa kupenda kwake?"

"Nilimwomba. Nilitaka kiwe chepesi."

Semeni alitikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Basi umempa mume wangu mashine, umemwambia ajipunguzie kilio chake kwa mkono wake. Na yeye akakubali kwa sababu ni mtani wako. Ulipunguza chuma, shemeji, ukapunguza kilio. Sasa usilie tena kwa gitaa. Lia kwa mdomo kama sisi."

Ntakije alijaribu. Wanasema alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kikohozi.

Semeni akatupa udongo. Ukagonga sanduku peke yake.

Jumapili ile Ntakije alipiga dansi mjini. Kihongosi alimwambia hajawahi kupiga vizuri hivyo, na watu walicheza mpaka viatu vikakatika. Alipiga miaka mingine minne, hadi alipokuja kijana mwenye gitaa la umeme, na suti ikabadilisha mabega. Akarudi kambini. Hawakumfukuza, watu wa mkonge hawafukuzi mtu. Walimpa kitanda na sahani. Ila watu walipokufa, hakuna aliyegonga mlango wake. Walipita nje na jeneza, yeye yuko ndani anasikia miguu.

Siku moja, mchimbaji mmoja alipunguza kina cha kisima chake ili amalize haraka, kiangazi kikaja, kisima kikakauka. Mtu akasema lile neno la Semeni, akalifupisha. Mkulima akapunguza mbegu, likasemwa tena. Likazoeleka. Likaanza kusemwa hata mbele ya Ntakije, na watu wasiojua kwamba ni yeye, na yeye alikuwa anaitikia, "Kweli kabisa."

Alipokufa, watu kumi na mmoja walikwenda. Mimi nilikuwa mmojawapo, nilishika kamba. Tulimteremsha, tukavuta kamba, na wote tukasimama kidogo bila kujua tunasubiri nini. Semeni, mzee tayari, ndiye aliyechota udongo, maana hakuwepo mwingine wa karibu. Ulianguka. Tulisikia udongo tu.

Mpunguza chuma hupunguza kilio.