Uzazi wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipoanza kumiliki simu na kukosa usingizi, aliishi Bi Kindi na watoto wanne. Mumewe alifanya kazi mbali, akirudi mwisho wa mwezi tu.

Bi Kindi alikuwa mwepesi, na kwa wepesi huo kila mtu alimtwisha lake. Kutwa alishona magunia kwa Bwana Nyati. Simu nayo haikunyamaza. Tii! Sare za shule. Tii! Mkutano. Tii! Bi Tembo, mwenyekiti wa wazazi, anataka uji wa darasa zima.

Siku moja alikwenda kuteka maji na mwanawe mdogo, Chausiku. Simu ikalia, akaijibu huku akitembea, akafika nyumbani, akawasha jiko. Ndipo alipogundua hana mtoto. Alirudi mbio, akamkuta Chausiku amekaa ukingoni mwa mto, na Mamba yuko hatua mbili tu, anamtazama.

Akamnyakua, akakimbia naye nyumbani.

"Nimechoka, Bi Tembo," alisema kesho yake. "Nilimsahau mtoto mtoni."

"Pole, shoga. Sote tumechoka. Uji usisahau."

Akamwendea Bwana Nyati. "Pole sana," akasema Nyati, akamwongezea magunia.

Bi Kindi akarudi nyumbani, akachukua mchi, akauvika kofia ya kitoto, akauviringishia kanga, akajilaza nao. Kisha akawatumia Bi Tembo na Bwana Nyati ujumbe: "Nimejifungua salama."

Wakubwa wale hawakuwahi kumtazama vizuri, kwa hiyo hawakushangaa. Mzazi hafanyi kazi siku arobaini, nao waliujua utaratibu. Nyati akampa ruhusa. Bi Tembo akaja, puu, puu, na supu ya pilipili manga, akateka maji, akaogesha watoto. Bi Kindi akalala. Mimi simlaumu.

Siku ya saba Bi Tembo akataka kumbeba mtoto apewe jina. Akafungua kanga. Mchi ukaanguka sakafuni, ko!

"Umenidanganya," akasema kwa uchungu. "Kwa nini?"

"Nilipokwambia nimechoka, ulinipa pole," akajibu Bi Kindi. "Nilipokwambia nimezaa, ulinipa supu."

Bi Tembo akainuka. Akabeba sufuria yake, akaondoka. Alasiri Nyati, aliyekwisha kuambiwa, akaleta magunia ya wiki mbili. Bi Kindi akamfunga Chausiku mgongoni, akapiga fundo, akapiga la pili, akapiga la tatu, akaanza kushona.

Nami nakomea hapo, wanangu: mzazi akisema amechoka, msaidieni siku hiyo hiyo, msingoje mpaka azae.